Hawakuonekana

Mwaka ule matufaha yalianguka mapema
shambani kwa baba, kusini kidogo ya Grójec.
Antonowka, ya manjano, makali ya kukunja uso,
yakalala nyasini
pale pale ng'ombe wa jirani walipolala jana yake.
Tuliyaokota. Nani angeyaacha?
Tukayasuuza kwa ndoo moja ya maji,
tukayakamua kwa mtambo wa mbao,
na Wit, mdogo wangu, miaka mitano,
akakinga mdomo chini ya mfereji
kabla povu halijatulia.

Siku ya nne akahara damu.
Siku ya tisa figo zikanyamaza.
Alirudi kutoka Warsaw theluji ikiwa magotini,
amekonda, na orodha ya vidonge vya maisha.
Baba akaupasua mtambo kwa shoka,
akazichoma mbao, wala hakusema neno.
Tangu hapo nyumbani kwetu
juisi huchemshwa.
"Hii si juisi," husema baba, "ni supu,"
kisha huinywa yote.

Mimi kazi yangu ni kubana.
Nina silinda ya chuma, nene kama ukuta wa boma;
ndani yake maji, ndani ya maji chupa,
ndani ya chupa wale niliowaotesha mwenyewe, kwa makusudi,
jamaa za wale waliomlaza Wit.
Pampu hulalama. Shinikizo hupanda
kupita kina cha bahari yoyote iliyopimwa.
Zabibu niliyoitia humo kwa mchezo ilitoka nzima:
abanwaye pande zote sawasawa
hana upande wa kupasukia.
Lakini bakteria wana utando,
na utando una mishono.

Wengine hufa. Wengine huzimia tu,
na baada ya juma moja kwenye friji
huamka, wakajishona walipochanika.
Hao ndio walioninyima usingizi.
Niongeze nguvu? Chuma nacho huchoka, umeme una bei,
na Bi Scholastyka wa hesabu
hunitazama juu ya miwani.

Kidole kimoja hakivunji chawa,
na hawa wangu ni wadogo kuliko chawa.
Nikatafuta kidole cha pili kabatini jikoni:
mdalasini, na mafuta ya karafuu
kiasi cha kulowesha ncha ya sindano.
Ikiwa peke yake, karafuu hubisha hodi, ikaishia mlangoni.
Ukiizidisha, juisi hunuka kliniki ya meno.
Ila shinikizo likishalegeza mshono,
nusu tu ya lile la zamani,
karafuu haibishi tena.
Inaingia kama shangazi mwenye funguo.

Sahani za Septemba: ukungu mtupu.
Za Oktoba: nukta saba, nikazihesabu mara tatu.
Za Novemba nilizielekeza kwenye taa
nikaona vidole vyangu upande wa pili.

Jana baba alikuja maabara
amevaa koti lake la mazishi,
kofia mkononi, kama aliyeitwa polisi.
Nikamwonyesha sahani.
"Wamekufa wote?"
Neno hilo hapa kazini hatuna.
Tunalo jingine, huandikwa kwa wino,
na tarehe, na sahihi mbili.
"Hawakuonekana, baba."
Akalitafuna neno lile polepole,
kama mtu anayetafuta mbegu kwa ulimi.

Nikampa chupa, si ya majaribio,
ya matufaha yake mwenyewe, yaliyochumwa mtini.
Akafungua. Akanusa.
"Kuna kitu humu."
"Kidogo."
"Mkate wa asali wa mama yako. Wa Krismasi."

Hakunywa.
Akarudisha kizibo, akakikaza mpaka kikalia,
akaitia chupa mfukoni.
"Wit anatoka kiwandani saa kumi," akasema.
"Unataka awe wa kwanza kuonja?"
"Hapana.
Nataka anione mimi nikinywa."